Nguo ya Redio

Enzi zetu, aliyevaa vizuri kuliko watoto wote nyumbani alikuwa redio. Mimi nilirithi rinda la dada yangu Kasyoka likiwa limeshapasuka kwapani. Kaka yetu Mutua alivaa kaptura yenye madirisha mawili nyuma. Redio ya baba ilivaa ngozi, yenye vifungo vya kung'aa, matundu madogo ya kutolea sauti na mkanda wa kuning'inizia begani. Wageni wakija, ilisifiwa kabla yetu.

Nimeikumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu Mwende, yule anayekaa Syokimau. Mwezi jana alikuja kunitembelea hapa Kalama akaniletea kava ya simu. Kava yenyewe imechorwa redio ya kitambo, na vifungo vyake, na ule mshale wa kutafutia stesheni. Akaivisha simu yangu akasema, "Susu, hii ndiyo iko kwa fasheni saa hii. Vitu vya kitambo!" Ya kwake imechorwa kaseti, na penseli kando. Nikamuuliza kama anajua hiyo penseli ni ya kazi gani. Akasema ni urembo. Nikanyamaza. Watoto wananunua uzee wangu dukani na hawajui unatumikaje, na mimi nimechoka kueleza habari za kuzungusha utepe kwa penseli.

Lakini kidole hakikunyamaza. Kilikwenda chenyewe kikabonyeza kifungo kilichochorwa. Mwende alicheka mpaka akashika tumbo.

Baba alikuwa mchunga ng'ombe kwa ranchi kule Lukenya, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi. Redio aliiacha kwetu. Alimwambia mama, "Kalekye, hii ndiyo mimi nikiwa sipo." Akaipaka ile ngozi mafuta ya mbuzi isipasuke kwa jua, ikang'aa kama paji la bwana harusi, akaondoka. Mbwa wetu naye alikuwa na pua. Asubuhi tulikuta redio iko uchi chini ya kitanda, na mbwa amelala mlangoni, ameshiba, kipande cha mkanda kinaning'inia mdomoni kama ndevu.

Mama hakulia. Alichukua mkonge, akakaa kwa kigoda, akaanza kusokota kamba kwenye paja lake. Paja la mama lilikuwa na alama nyeusi ya kusokota, hata kwa jeneza aliingia nayo. Akasuka kiondo kidogo cha kipimo cha redio. Mahali pa vifungo akaacha mdomo, na upande wa sauti akasuka legelege ili maneno yapite. Tangu hapo redio yetu ilivaa kiondo. Ilikwenda nasi shambani ikining'inia kwa tawi, huku tukipalilia mbaazi na Mutua akicheza na gari lake la waya. Jioni ilinukia mkonge na moshi, ikisubiri muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, iive pamoja na sisi.

Basi baba aliporudi siku moja akasema ametuma kadi ya salamu kwa redio. Jumapili ijayo mchana tusikilize, majina yetu yote yatasomwa. Mtasema, jina kusomwa ni nini? Nyinyi mmezoea. Mama yangu hakuna aliyemwita Kalekye isipokuwa baba. Kwa watu alikuwa mama Kasyoka, kanisani mama Kasyoka, hata kwa zahanati. Na mimi nilikuwa wa mwisho, "huyo mdogo", hata mwalimu alisahau jina langu. Nilitaka Kenya nzima isikie Ndunge.

Sasa betri. Betri zilikuwa zimechoka kama mimi leo. Duka la karibu halikuwa nazo, na mama hakuwa na pesa ya kwenda kuzinunua mpaka Machakos. Kwa hivyo tukafanya kama kila nyumba ilivyofanya: tukazianika juu ya bati kwa jua. Wiki nzima. Mutua alizing'ata moja moja kwa meno, kwa sababu ilisemekana betri iking'atwa inakumbuka nguvu. Jioni tulizilaza karibu na jiko kama vifaranga. Mama aliapa, "Atakayewasha hii redio kabla ya Jumapili, nitamsokota yeye kwenye hili paja!"

Jumapili ikafika. Wanawake wa mwethya, wale waliochimba mitaro ya shamba pamoja na mama, walikuja wote baada ya kanisa, wakajaza ua. Mmoja alikuja na kigoda chake, akatania, "Leo tuone kama huyu mchunga ng'ombe anakujua ama anajua ng'ombe tu." Mama akasonya, lakini alikuwa amevaa kitambaa kipya.

Akawasha. Sauti ikatoka kwa kiondo, nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Salamu za watu wa mbali, salamu za watu wa mbali zaidi. Mimi nimeshika sketi ya Kasyoka. Kisha mtangazaji akasema: "Mutisya wa Lukenya anamsalimu mke wake mpendwa Kalekye, huko Kalama, pamoja na watoto..."

Redio ikakwaruza. Ikakoroma. Ikanyamaza.

Wanawake walikuwa wameshapiga vigelegele kwa ajili ya Kalekye, hawakujali. Mutua alitoa betri akaanza kung'ata upya. Mimi nilianza kulia, kilio kile cha kukosa pumzi. Yaani nimefika mlangoni pa kutajwa, mlango ukafungwa.

Mama aliniangalia. Akainamia kile kiondo, akaweka mdomo pale alipokuwa amesuka legelege, akakaza sauti kama mtangazaji: "Pamoja na watoto Kasyoka, Mutua, na Ndunge! Anasema Ndunge aache kulia, anaharibu mawimbi!"

Ua mzima ulianguka kwa kicheko. Yule wa kigoda akanipigia vigelegele vyangu peke yangu. Baba baadaye aliapa kuwa jina langu alikuwa ameliandika. Sijui kama lilisomwa. Sikuwahi kutaka kujua. Nilikuwa nimeshalisikia.

Hayo nilimweleza Mwende. Alisikiliza mpaka pale pa mbwa, halafu simu yake ikamwita kwa mlio wa ujumbe, akainama. Alipoinuka akasema, "Hiyo ya mbwa ni noma, Susu." Sikumlaumu. Ni mtoto mzuri, ananiletea sukari na majani ya chai.

Wiki iliyopita stima ilipotea na simu ikazima. Nikaitoa nje nikaianika kwa bati. Najua simu si betri, msinicheke. Mikono yangu ndiyo haijui. Kava ikalainika, redio iliyochorwa ikabanduka kwa pembe, mshale ukajikunja.

Enzi zetu redio ilikuwa moja na masikio yalijaa ua. Krismasi iliyopita wajukuu wangu wote walikuwa hapa, kila mmoja na simu yake, kila simu na nguo yake, na niliwaita kula mara nyingi mpaka chapati zikapoa. Sikukasirika. Nguvu ya kukasirika niliimalizia kwa watoto wangu.

Leo ni Jumapili. Stima imerudi, simu imejaa chaji, iko hapa mezani na ile nguo yake iliyokunjamana. Haijalia tangu asubuhi. Nimeiinamia, nimeweka mdomo pale walipochora matundu ya sauti, nikasoma majina ya wajukuu wangu: Mwende, Kioko, Mutheu, Musyoki, na yule mdogo wa Athi River, Ndunge, aliyepewa jina langu.

Nimesoma polepole, mpaka mwisho, bila betri kuisha.