Esther Hakuunguza Yale Majani

Jamani, Esther ameenda. Binti yake amenipigia asubuhi, na mpaka sasa nimeshika simu nikingoja apige tena aseme walikosea.

Wengi wenu hamumjui. Miaka ya tisini tulikuwa makarani wawili kwenye kituo cha kununulia majani chai, nje kidogo ya Kaplong. Yeye ndiye alikuwa in charge. Mimi nilikuwa karani wa kibarua kutoka upande wa Kisii, nimevaa viatu vya kuazima.

Alikuwa mkali, wacha tu! Ukileta majani magumu anayamwaga mezani na unachambua upya mbele ya watu. Siku moja alirudisha kikapu cha mama mkwe wake. Mama mkwe! Halafu akainama wakachambua pamoja.

Mimi mgeni alikuwa ananiletea mursik, yale maziwa ya kugandishwa ya kwao, kwa chupa ya soda. "Kunywa, Karani. Umekonda mpaka mizani inakuonea huruma."

Sasa niseme lile ambalo limenifanya niandike.

Jumanne moja ya mvua, lori la kubeba majani kwenda kiwandani lilikwama kwenye matope. Mtoto wa Esther alikuwa mgonjwa, akampeleka hospitali na kuniachia kituo. "Fungua hizo gunia ugeuze majani yapate hewa. Yakishonana yatachemka." Nikasema sawa.

Lakini kulikuwa na mpira kwenye redio, duka la jirani. Nikajiambia ni dakika kumi tu. Nilikaa mpaka mwisho.

Niliporudi nilitia mkono kwenye gunia nikautoa mbio. Majani yalikuwa moto, mengine yameshaanza kuwa mekundu. Kiwanda kilikataa mzigo wote. Akina mama waliokuwa wamechuma tangu alfajiri kwenye mvua wakaambulia patupu.

Kesho yake msimamizi akaja, wakulima wamejaa kituoni. "Zamu ilikuwa ya nani?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Esther alinitazama, akangoja kidogo. Kisha akasema, "Kituo ni changu. Andika mimi."

Akapewa transfer ya mbali. Mimi nikakalia kiti chake. Majirani walimwita "yule mama aliyeunguza majani", hata kanisani, na mimi niliwasikia kwa masikio yangu. Sikusema neno. Miaka yote hiyo sikusema.

Mwezi uliopita niko Sotik nanunua chumvi ya ng'ombe, nikasikia sauti nyuma yangu: "Karani! Umenenepa, sasa mizani itakataa!"

Nywele nyeupe, ila macho ni yale yale. Tukaingia hoteli. Chai ikaletwa, akainusa kwanza. "Hii ilichelewa kwa lori." Tulicheka hadi mhudumu akaja kuuliza kuna nini.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia kila kitu, redio, mpira, yote. Nililia mbele ya watu na umri huu.

"Najua," akasema. "Nikirudi kutoka hospitali jioni nilikuta kofia yako umeisahau pale dukani, kando ya redio."

"Mbona hukusema, dada?"

"Wewe ulikuwa kibarua, wangekufuta siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa permanent. Na nilidhani utasema mwenyewe. Nilingoja." Akamimina chai nyingine. "Pole yako nimesikia. Lakini Mama Weldon mpaka leo anasema niliunguza majani yake. Enda umwambie yeye."

Nikaahidi kwenda Jumapili inayofuata. Jumapili hiyo ikanyesha. Ya pili ng'ombe akazaa. Ya tatu sina hata kisingizio, niliona haya tu. Sasa leo ndiyo hiyo simu.

Nasikia uchungu, na najikasirikia. Alingoja zaidi ya miaka ishirini, mimi nikamwongezea wiki tatu, naye hakuwa nazo.

Watoto wa watu wa kituo chetu, najua mko humu kwenye group. Wasomeeni wazazi. Mimi ndiye niliunguza majani ya ile Jumanne. Esther alinifichia aibu na akaibeba yeye. Jumamosi kwenye mazishi nitaomba nafasi niseme tena, nikiwa nimesimama mbele ya Mama Weldon.

Dada yangu, ulinifundisha kurudisha kikapu hata cha mtu wa nyumbani. Changu nimekirudisha nikiwa nimechelewa sana. Asante kwa mursik. Asante kwa kunitazama siku ile bila kunitaja.

Lala salama, Esther. Zamu ilikuwa yangu.