Inzi Wadogo Wakati wa Uzazi Wangu

Mwanangu wa kwanza alikuwa hajakauka kitovu inzi wadogo walipotuvamia nyumbani Shangani. Walikuwa kama punje za ulezi, wakitua machoni mwake na kwenye kitovu kile kibichi. Nilishinda nikimpepea kwa kanga, hata kula nikaogopa.

Mume wangu, mwalimu, alirudi na pampu ya dawa ya mbu. Nikamzuia mlangoni.

"Mtoto ataivuta sumu hiyo!"

"Sasa tufanyeje?" akauliza.

Jirani yetu, mama wa Kimakonde, alitusikia akaingia. Alinusa.

"Mwanangu, mna mabibo humu?"

Nikasema hatuna. Hata hivyo aliinama, akavuta uvunguni kapu la korosho tulilopewa na mzazi wa mwanafunzi kutoka Mpapura. Baadhi ya korosho zilikuwa bado na mabibo yake, yale matunda yanayoshika korosho, yameoza, yanachuruzika maji na kujaa mabuu.

Mume wangu alilifukia kapu nyuma ya nyumba. Jirani akasugua sakafu kwa maji ya moto na sabuni. Siku mbili tatu baadaye inzi walikwisha, lakini mimi bado nilikuwa nakesha nikimtazama mtoto. Jirani akampakata.

"Lala, mwanangu. Nipo."

Nililala mpaka magharibi.