Bonde la Ukindu

Harufu ya ukindu unaochemka sufuriani pamoja na rangi ni kama ya majani mabichi yaliyoungua kidogo, na ndani yake kuna kitu kikali kinachokwaruza koo. Nilipokuwa darasa la tano, harufu hiyo ilijaa kila uwanja kijijini kwetu, jirani na Fukayosi, kwa sababu mama zetu wote walikuwa wasukaji wa mikeka. Ukindu ulitoka kwenye bonde chini ya kijiji. Halikuwa la mtu. Nilidhani lipo tu, kama mvua. Vidole vya mama vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye kucha, hata siku ya Idi.

Mwaka huo mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano. Alikuwa kijana mpole, akawaamkia mama zetu shikamoo mmoja mmoja. Alisema kuna mwekezaji anakuja na maendeleo, kisha akapitisha karatasi na pedi ya wino. Mama hakujua kusoma, wala Bi Tatu, jirani yetu ambaye mdomo wake uliogopwa kuliko fimbo ya mwalimu. "Hebu tusomee, msomi wetu," Bi Tatu aliniambia, "tusije tukaozeshwa bila kujijua." Wakacheka. Juu ya karatasi paliandikwa Mahudhurio. Nikasoma kwa sauti, nikawaeleza kwamba ni orodha tu ya waliofika. Nilijiona mtu mkubwa. Mama akaweka dole gumba, wenzake wakafuata.

Haukupita muda bonde likazungushiwa waya. Wanawake hawakupiga kelele. Walibeba ukindu uliosalia majumbani, wakaketi kwenye baraza ya ofisi ya kijiji na kusuka kila siku, asubuhi mpaka adhuhuri, wakidai bonde lao. Mtendaji alipita katikati yao akiinua miguu kama anayevuka tope. "Mama zangu, mtaondoka lini?" "Kazi ikiisha, mwanangu," alijibu Bi Tatu, na ukili wake, utepe wa kushonea mkeka, ulipofika mwisho aliufumua taratibu, akaanza upya.

Siku ya tisa, nikiwa nimeketi kando ya mama, mtendaji alitoka na karatasi mkononi. "Mlikubali wenyewe," alisema. "Vidole vyenu hivi hapa." Ilikuwa karatasi ile ile niliyoisoma, sasa imebanwa pamoja na ukurasa mwingine ambao hatukuwahi kuuona, unaosema mkutano umeridhia bonde litolewe. Bi Tatu alinitazama, kisha akatazama pembeni. Mama alikunja ukili wake, tukarudi nyumbani. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma.

Ukindu ulipokwisha tulihamia Kiwangwa kuvuna mananasi ya watu, nami nikaacha shule. Tangu hapo sijakaa mahali pamoja hata miaka miwili. Nasoma kila karatasi inayopita mbele yangu, hata ile iliyofungiwa vitumbua.

Bonde bado lina waya. Hakuna kilichojengwa. Minazi ya jirani imezeeka, mikindu imerefuka na majani yanakaukia mtini, huku kijijini watu wakikalia mikeka ya plastiki kutoka Dar. Mabinti wa leo wana kikundi chao cha kutetea ardhi; hawaweki saini kabla ya kuipiga picha karatasi kwa simu. Huniita niwasimulie kosa langu liwe funzo, nami husimulia. Safari hii, katikati ya maelezo, nikakumbuka kitu. Masika kabla ya mkutano ule, tulipofuatana na mama zetu bondeni kukata ukindu, sisi watoto tulishindana kuruka mawe mapya ya zege yaliyochimbiwa kwenye nyasi, yenye namba. Mama alianika kanga yake juu ya jiwe mojawapo. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Wapimaji wa ardhi walikuwa wameshapita, bonde limeshagawiwa, na vidole vyetu viliombwa baadaye.

"Endelea, shangazi," binti mmoja alisema, simu mkononi. Nikashindwa kumwambia apige picha ya nini.