Pale Padiri Alipoziba

Leo, kwenye matanga ya dada yangu, harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa imenirudishia sauti yake akisoma.

Tulikuwa watoto, na Padiri alikuwa ametuonyesha sinema bandarini Kalundu. Mwanaume alirudi baada ya miaka mingi, mkewe akamkimbilia. Padiri akaweka kiganja mbele ya taa ya mashine, kama alivyofanya kila mara watu walipokaribiana, shuka la kuonyeshea likawa jeusi. Alipokiondoa, wale wawili walikuwa mezani wanakula.

Kesho yake dada aliazima kwa masista kitabu cha hadithi ileile. Mama akaacha kugeuza ndagala. Baba alikuwa machimboni Katanga, na barua zake zilikuwa zimekoma.

“Soma pale Padiri alificha,” Mama alisema. “Ule bibi alimwambia nini?”

Dada akasoma: “Alimkumbatia mumewe, akasema, Karibu nyumbani.”

“Na kisha?”

“Wakala.”

Shangazi, aliyekuwa akianika naye, akacheka. “Ni hiyo tu? Na weye ulikosa usingizi juu yake!”

Mama hakucheka. “Hakumuuliza alikuwa wapi? Hiki kitabu iko na uongo. Minye napenda sinema. Kule nyuma ya mkono wa Padiri, ule bibi aliuliza.”