Nilivyojiandikia kama Maiti

Walisoma mbele ya watu kwamba mimi sikujua kushika sindano. Ukumbi wa kanisa hapa Gatina, Kawangware, ulikuwa umejaa, wageni wa mradi mbele, sisi manusura wa ubomoaji nyuma kwa viti vya plastiki. Afisa wa mradi, mwanamume mwenye ndevu za kuchongwa, akashika maikrofoni: "Mama huyu alipoteza kila kitu nyumba yake ilipobomolewa Kibera. Alikuja kwetu bila ujuzi wowote. Leo, baada ya mafunzo yetu ya miezi mitatu, anajua kushona."

Watu wakapiga makofi. Na mimi, mjinga, nikasimama nikapunga mkono, kwa sababu tuliambiwa ukisomwa usimame.

Safu ya tatu alikaa mteja wangu wa Kabiro. Kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake kilikuwa kwangu, hakijakatwa. Aliniangalia vile unamwangalia daktari ukisikia amefuzu juzi. Asubuhi yake akaja kukichukua, eti harusi imesogezwa mbele. Tarehe ni ileile. Aliyesogezwa kando ni mimi.

Sasa nirudi nyuma. Nimeshona miaka ishirini na sita. Mapazia ya watu wa ghorofa za Nyayo Highrise, sare za shule, magauni ya kwaya. Siku tingatinga lilipotufikia Kibera niliacha kitanda, godoro, sufuria, hata picha ya marehemu mume wangu, ambaye kusema kweli hakuwa mzito kubeba. Nilichobeba ni kichwa cha cherehani. Nilikifunga mgongoni na leso kama mtoto, nikatembea nacho mpaka Kawangware. Kwa hivyo "kila kitu" sikupoteza.

Mradi ukaja, ukasema kila mmoja aandike historia yake, fupi, ya kusomewa wageni. Mimi shule niliachia darasa la tano. Mdomo ninao, majirani watakuambia, lakini kujieleza kwa karatasi nilikaa nayo siku tatu kalamu ikinitazama. Historia fupi za watu nimeona za aina moja tu, za karatasi za mazishi. Kwetu mtu akifa huku Nairobi anasafirishwa kuzikwa nyumbani, Magharibi ya Kenya, na karatasi yake yenye picha inabaki kwangu. Huwa nazikata ziwe vipimo vya kola. Basi nikachukua moja, nikafuata mpangilio.

"Alizaliwa mtoto wa nne kati ya tisa. Alibatizwa. Aliolewa. Alikuwa fundi hodari wa cherehani, mpenda watu. Ameacha watoto watatu, wajukuu wawili na cherehani moja."

Nikaona imekaa vizuri. Kidogo tu niweke na saa ya mwili kutoka mochari.

Afisa aliisoma akacheka mpaka akavua miwani. "Mathe, hii ni ya maiti. Wacha niirekebishe."

Nikamwambia arekebishe lakini mambo ya cherehani asiguse. Mwenyekiti wa kikundi chetu, mama mwenzangu wa Kibera, alikuwa hapo, akaniambia nimwachie, huyo amesoma. Afisa alipomaliza alimpelekea mwenyekiti aihakiki. Mwenyekiti mwenyewe amekiri: aliisoma yote, akadhani sitajali.

Maiti wote niliowasikia wakisomwa walipandishwa. Walevi wakawa nguzo za jamii, na mume wangu akawa mtu wa sala. Mimi niko hai, napumua, nimeshushwa.

Nilipomuuliza afisa, alinijibu bila aibu. "Wageni wanataka kuona mabadiliko. Ukija ukijua kushona, sisi tumefanya nini?"

Swali zuri. Mmefanya nini? Mwalimu wenu wa mafunzo mimi ndiye nilimwonyesha kuweka zipu.

Na mwenyekiti, siku ile ulikaa mbele ukipiga makofi ndani ya gauni la kijani lenye mikono ya puto. Nilikushonea mimi, tukiwa bado Kibera, kabla mradi haujajua tuko duniani. Ulinipigia makofi na mikono yangu mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada ukumbi uko wazi, nimeuliza. Afisa, njoo na maikrofoni. Mwenyekiti, njoo na lile gauni. Mama wa Kabiro nitamkalisha safu ya tatu. Simameni hapo mbele, nyinyi wawili, mwambieni ni nani alilishona, na lini.