Hina Kabla Mtoto Hajacheza

Ti-ti, chwaa. Ti-ti, chwaa. Mpaka leo nikitulia naisikia. Ti-ti ni mchi mdogo ukigonga majani makavu ya hina kinuni, na chwaa ni bangili za mke wa askari zikiteremka mkononi mwake kila anapoinua mchi. Mchi wetu wa kutwangia mahindi unapiga mpaka ardhi inatikisika. Wa kwake ulikuwa kama mtu anayenong'ona habari tamu, na mimi habari tamu hazinipiti.

Mumewe alikuwa askari wa Wadachi, amewekwa pamoja na wenzake kwenye kituo kidogo pale kwetu, milima inapokaribia kuingia ziwani. Mke mwenyewe alitoka pwani, akaja na mfuko wa majani yake begani, safari ya miezi. Kila baada ya wiki kadhaa alitwanga, akakoroga, akajipaka kichwani. Akikaa juani nywele zake zilikuwa na wekundu wa moto unaokaribia kuzimika. Nilikuwa nikipita na kikapu cha udongo, nasimama, namtazama mpaka ananifukuza kwa kucheka.

Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni miaka miwili, kisha nikaolewa kwenye ukoo wa wafinyanzi wa ufukweni. Mume wangu alikuwa bandarini Mwaya akipakua mizigo ya meli, anarudi mara moja kwa mwezi. Nyumbani tulikuwa mimi, mama mkwe na wifi yangu, ambaye ulimi wake haujui kulala.

Mwaka uliotangulia mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka ikiwa ya miezi mitatu. Niliugua homa kali, na nilipoinuka, nywele za mbele zilinyonyoka. Zilizoota badala yake zilikuwa zimepauka kama jani kavu la mgomba. Wifi hakunionea huruma hata siku moja.

"Bibi kizee, nikuletee fimbo?" ananiuliza nikitoka nje asubuhi.

"Niletee, nikuchape nayo."

Tunacheka. Lakini nikienda kuchota maji nilikuwa najitazama ziwani, na kicheko kinakwisha. Zile nywele zilinikumbusha kila siku kitu ambacho nisingependa kukumbushwa. Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili, ikavuka mwezi wa tatu ikaingia wa nne, niliona kabisa nilivyotaka kuwa: tumbo kubwa mbele, kichwa chekundu juu, natembea ufukweni na watu wanauliza, huyu ni nani?

Nilimwambia mama mkwe. Alikuwa amekaa na chungu mapajani, anakizungusha.

"Ngoja mtoto acheze," akasema.

"Mama, hina ni majani tu. Dada wa pwani amezaa watatu, na wote aliwabeba akiwa na hina kichwani."

"Sikukatazi. Nimesema ngoja." Akanionyesha chungu. "Huu udongo mwekundu tunaupaka lini?"

"Kikishakauka kidogo."

"Ukikipaka kingali kibichi?"

Kila mtu pale kwetu anajua. Chungu kikipakwa kabla hakijashikamana, mkono wenyewe unakibonyeza, nacho kinakwenda motoni na kasoro usiyoiona.

"Basi," akasema. "Mtoto akicheza, hata kama ni leo mchana, nenda kapake mpaka kwenye nyusi."

Nikakubali. Ningengoja vizuri tu, maana mimi ni mtu wa kungoja nikiwa na jambo la kuota. Lakini siku chache baadaye wifi alikuja mbio kutoka kuchota maji ziwani. Askari wamepewa amri ya kwenda boma la milimani, wanaondoka kesho alfajiri na wake zao. Nilikwenda mpaka uani kwa mke wa askari, nikakuta nusu ya vyombo vimefungwa.

"Nimebakiza hina ya kichwa kimoja tu," akaniambia. "Ukija leo, nakupaka. Usipokuja najipaka mwenyewe, sitaki kuibeba tena mlimani."

Nilirudi nyumbani natembea polepole. Mtoto alikuwa hajacheza. Nilisimama njiani, nikazuia pumzi, nikasikiliza kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Hakuna kitu. Nikamwambia kwa sauti, "Cheza basi, hata kidogo." Hakuna kitu.

Mama mkwe alikuwa palepale na vyungu vyake.

"Mama," nikasema, "amecheza."

Kokoto aliyokuwa anasugulia chungu ilimponyoka. Alinitazama usoni, kisha tumboni, kisha akafunika mdomo kwa viganja vilivyojaa udongo. "Ndaga," akashukuru kwa lugha ya kwetu. Akarudia kwa nguvu zaidi. "Ndaga fijo, Bwana." Wifi yeye alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kabla sijafika tena kwa mke wa askari, nyumba tano zilikuwa zimeshapata habari.

Alinikalisha kwenye kigoda juani. Kwanza alichota ujiuji wa hina kwa ncha ya kidole akanipaka nyuma ya sikio, akaniacha hivyo huku akifunga mizigo yake.

"Kwa nini hapo?"

"Naiuliza ngozi yako. Mwenye mimba ngozi yake inageuka, leo inapenda hiki, kesho inakikataa. Inawasha?"

"Haiwashi."

"Vizuri. Na usikilize, mdogo wangu, hii ni majani na maji ya moto, basi. Ukija kukuta mchuuzi anauza unga mweusi, anakwambia ni hina nyeusi, inashika haraka, mwachie mwenyewe. Hina haina weusi. Wanachanganya mambo yao humo, kichwa kinatoka malengelenge. Usipake ukiwa na mimba, wala usipake ukiwa huna." Akakishika kichwa changu kwa mikono miwili. "Hebu tulia! Unaogopa nini?"

"Siogopi," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa pili kwa siku moja.

Hina ilikuwa baridi na nzito, inanukia majani yaliyolowa mvua. Jua lilipofika utosini alinisuuza kwa maji ya uvuguvugu, akanisukuma nikajitazame kwenye sufuria lake. Zile nywele zilizopauka ndizo zilizoshika kuliko zote. Zilikuwa nyekundu kama jembe lililosahaulika nje masika nzima. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nilikuwa nimependeza, siwezi kusema vingine.

Kijiji kizima kilikuja kutazama. Hata baba mkwe, ambaye kwa mila yetu hatukuruhusiwa kuonana naye, mimi nikimwona nakimbilia migombani, alituma salamu kupitia kwa mkewe: "Mwambieni mkamwana nashukuru. Sasa namwona tangu mbali, napata nafasi ya kugeuza njia." Wifi akaacha kuniita bibi kizee, akaanza kuniita jogoo.

Lakini kila aliyekuja kutazama nywele alimalizia na tumbo. "Anacheza vipi? Upande gani? Kwa nguvu?" Najibu upande wa kulia. Mwingine nikamwambia kushoto. Mama mkwe jioni anaweka kiganja, anangoja, anasema, "Amelala," kisha anakiondoa taratibu. Ikapita siku ya tatu, ikapita ya sita. Ndani kulikuwa kimya. Mimi ambaye siku zote naona mbele kuna mazuri, nilianza kuhesabu vitu vingine: labda ameshakwenda kama yule wa kwanza. Labda mkono wangu mwenyewe ndio uliobonyeza chungu. Siku ya nane nilijifunga kaniki kichwani nikakataa kuivua.

Asubuhi ya siku ya tisa tulikuwa tunapanga vyungu vya kuchoma, mimi na mama mkwe peke yetu. Nikasema bila kutafuta maneno mazuri.

"Mama, mtoto hajawahi kucheza. Siku ile nilisema uongo."

Aliendelea kupanga. Chungu kimoja, cha pili, cha tatu.

"Kwa ajili ya nywele," akasema.

"Kwa ajili ya nywele."

"Mwaka jana wewe ulikuwa na homa, hujui kitu. Mimi ndiye niliyekwenda kumzika. Kitu kidogo, nimekifunga kwenye jani. Siku ile uliposema amecheza, nilidhani nimerudishiwa." Aliketi chini. Sikuwahi kumwona akiketi katikati ya kazi. "Umenidanganya vibaya, mwanangu."

Nililia, naye akaniacha nilie mpaka nikachoka mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono akaivuta ile kaniki kichwani kwangu.

"Sasa nywele unazificha kwa nini? Unadhani mimi naogopa majani?"

"Ulisema chungu kibichi..."

"Nilisema chungu kwa sababu chungu unakielewa." Akaikunja kaniki magotini. "Mimba ikitaka kutoka inatoka, mwenye hina na asiye na hina. Nimeziona nyingi. Nilitaka ungoje kwa sababu jambo baya likitokea, watu watasema ni zile nywele. Nawe ungewaamini. Ungewaamini mpaka unazeeka. Ndicho nilichokiogopa, wala si kingine."

Nilimtazama. Siku zile zote nilikuwa nikizilaumu nywele, hasa kile alichotaka kunikinga nacho.

"Sasa tufanye nini?" nikamuuliza.

"Tuchome vyungu. Udongo umetuishia, nenda kachimbe." Nilipoinuka akaongeza, "Na kichwa kiache wazi. Umeshakipaka, kipendeze."

Nilikwenda kwenye shimo la udongo na kikapu, kichwa wazi, jua likinichoma wekundu wangu. Sikuwa na uhakika wa kitu chochote, lakini mzigo ulikuwa umenishuka, na nilijikuta naimba wimbo wa shule nusunusu, penye maneno niliyosahau natia yangu. Nilichimba, nikajaza, nikajitwika, nikaanza kurudi kwa njia ya ufukweni.

Nilikuwa nimefika pale mchanga unapogeuka mawe. Chini ya kitovu, upande ambao sikuwahi kumtajia mtu, kitu kiligusa. Kidogo sana, kama samaki mdogo anapopita kwenye kiganja ukinawa. Nilisimama. Kikagusa tena.

Hapakuwa na mtu ufukweni. Nikakitua kikapu juu ya jiwe, nikaifungua nguo kiunoni, nikaifunga upya, kwa kulegeza, ili apate nafasi.