Betri Ndogo, na Kelele Niliyopiga Lusangi

Mkono wangu ni mwepesi. Nimeshapiga watu kwa mambo ya kijinga: mmoja kwa kuegemea taa ya lori langu, mwingine kwa kucheka nilipokwama kwenye tope. Mke wangu alizoea kusema kwamba hasira yangu hufika mahali kabla yangu mwenyewe, na mimi nilikuwa nikilichukulia neno hilo kama mzaha wa nyumbani.

Wakati huo nilikuwa dereva wa lori la umeme. Wakulima wa mpunga wa Kasongo walikuwa na ushirika, na ushirika ulipata lori hilo dogo pamoja na paneli za jua za kulichajia pale ghalani. Mji mzima ulitoka kulitazama. Wazee waliotoka msikitini walilizunguka wakitafuta bomba la moshi, na mmoja akaniuliza kama linakunywa maji. Fundi aliyelileta alikaa nasi siku tatu kunifundisha. Alinionyesha betri kubwa chini ya sakafu, ile inayolisukuma lori, halafu betri ndogo kwenye sanduku nyuma ya kabini, ya volti kumi na mbili, sawa na ya gari lolote la mafuta. "Hii ndogo ndiyo inayoiamsha ile kubwa," akasema. "Hii ikifa, ile kubwa hata ijae vipi haitakusaidia kitu." Mimi nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikitazama saa. Nilikuwa nimeendesha malori ya mafuta miaka kumi na minane kwenye njia ya Kabambare, na nani angenifundisha habari za betri?

Kwetu betri ya lori ni ya kila mtu. Dereva akifika kijijini, jambo la kwanza anaombwa umeme wa betri yake: simu za watu, redio, kipaza sauti cha harusi, taa za matanga. Huwezi kukataa. Utaitwa mtu wa roho mbaya, na siku utakayokwama hakuna atakayekusukuma. Betri ikiisha, hakuna anayehangaika, kwa sababu madereva wote wa njia ile wanaegesha juu ya mteremko. Unaachia breki, watu wanasukuma, lori linashuka, unaingiza gia, injini inakohoa, unaondoka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa katika kazi hii.

Basi siku moja ya soko nikaegesha juu ya mteremko wa kijiji cha Lusangi, nikashusha chumvi na sabuni za watu, nikafungua sanduku la betri ndogo na kutoa nyaya zangu. Haikupita nusu saa, turubai nililotandika chini lilijaa simu. Wachimbaji wawili wa dhahabu wakachomeka spika yao, muziki ukaanza. "Shofere wa umeme!" wakaniita, wakipigapiga ubavu wa lori. "Kamio yako iko na umeme wa mji muzima!" Nilivimba kichwa. Nikawaambia wachaji mpaka wachoke, nikaenda zangu kwa shemeji yangu kula wali na sombe ya majani ya muhogo. Nikala, nikajinyoosha kwenye mkeka, usingizi ukanichukua mpaka alasiri.

Niliporudi, muziki ulikuwa umenyamaza. Nikaingia kabini nikazungusha ufunguo. Kioo cha vipimo mbele ya usukani kilibaki cheusi. Nikazungusha tena, kimya. Nikashuka, nikazunguka nyuma ya kabini, na hapo nikamkuta mwanamume amechuchumaa, kichwa ndani ya sanduku la betri, koleo mkononi, kebo moja ameshaifungua.

Sikumuuliza kitu. Nilimpiga teke la mbavu kwa nguvu zangu zote, akaangukia uso kwenye ukingo wa chuma. Kisha nikapaza sauti.

"Mwizi! Mwizi wa batri! Mukamate!"

Neno hilo Lusangi halisemwi mara mbili. Watu walikuja na walichokuwa nacho: mpini wa sepetu, mchi, mnyororo wa baiskeli. Yule mwanamume alijaribu kuinuka na kusema jambo, mpini ukamkuta mdomoni. Niliona jino lake likidondoka kwenye vumbi. Wakamvuta kutoka kwenye lori mpaka katikati ya njia, na kila aliyefika alipiga kwanza ndipo akauliza ameiba nini. Nasema ukweli: dakika ya kwanza niliona raha. Nilisimama mikono kiunoni nikijiona mtu aliyetendewa haki.

Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate ya mchele kando ya lori ndiye aliyenishika shati. Alinivuta mpaka kifungo kikakatika.

"Shofere, unaua mutu bure!" akapiga kelele usoni kwangu. "Mimi njo nilimuita, ni mimi! Nyuzi zako zilikuwa zinatoa moshi. Simu zenu zimekula batri yote. Ule ni fundi wa redio, mutu wa Nyangwe, alikuwa anazifungula tu ile batri isiharibike!"

Nikatazama sandukuni. Nyaya zangu zilikuwa zimeviringishwa vizuri na kuwekwa pembeni, jinsi mwizi asivyofanya kamwe. Plastiki ya waya mmoja ilikuwa imeyeyuka. Betri ilikuwa mahali pake.

Nilikimbilia kundini. "Muache! Haiko mwizi! Ni mimi nilikosa!" Nani anisikie? Waliokuwa wakipiga sasa hawakuwa hata wale wa mwanzo, na hawakujua nani aliyepiga kelele. Mmoja akaniambia, "Unamutetea? Basi na wewe ni mwenzake," akanichapa kwa mnyororo shingoni. Nikamng'ata mkono. Nilipiga viwiko, nilipiga vichwa, nikapigwa jiwe la mgongo lililonikata pumzi. Nilipomfikia yule fundi alikuwa amejikunja, mikono juu ya kichwa, na mtu alikuwa akiikanyaga ile mikono kwa buti. Kwa nyuma nikasikia sauti inaomba petroli.

Yule mama alikuja na karai lake. Mafuta ya mawese yalikuwa bado yanachemka. "Mwenye atasogea ninamumwangia!" akasema. Mmoja alisogea, na mama hakumtania. Mtu huyo alilia kilio ambacho bado nakisikia, na watu wakarudi nyuma hatua tatu, nne. Nikamshika fundi kwapani, nikamburuta mpaka kabini, nikampandisha kama gunia la mpunga, nikafunga mlango. Kioo cha upande wangu kikapasuka hapo hapo.

Nikafanya kile nilichokifanya miaka yote. Nikaachia breki ya mkono.

Lori likaanza kushuka. Mguu wangu wa kushoto ukaenda kutafuta klachi, na klachi haikuwepo. Mkono ukatafuta gia, gia haikuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili mzima kile fundi wa ghalani alichoniambia: hakuna injini ya kukohoa. Betri kubwa ilikuwa imejaa, ingetufikisha Kasongo bila shida, na ilikuwa imelala fofofo chini ya matako yetu. Usukani ulikuwa mzito, nikautegemea kwa kifua ili ugeuke. Tulipitia juu ya baiskeli mbili na meza ya mihogo. Kioo cha pembeni kilimgonga mtu begani kikamwangusha, sikujua ni nani na sikusimama, kwa sababu breki nayo ilikuwa ngumu kama nakanyaga ukuta. Niliikanyaga kwa miguu yote miwili. Tukagota kwenye ukingo wa kijito bondeni, vichwa vyetu vikagonga mbele. Fundi akatapika damu mapajani mwangu.

Huko juu kundi lilikuwa limeanza kushuka mbio.

Kijitoni palikuwa na mwanamume anaosha pikipiki yake. Nikashuka na spana ya magurudumu.

"Nipe batri yako."

"Batri ya pikipiki yangu? Uko na wazimu?"

Ningeweza kumweleza. Maneno kumi yangetosha, na pikipiki yake ingewaka kwa kupigwa teke tu, bila betri. Nilimpiga spana begani, akakaa ndani ya maji. Nikang'oa kiti, nikakata kamba ya mpira kwa meno, nikaichomoa betri. Ilikuwa ndogo, inaingia kwenye kiganja.

Kebo ya lori ilikuwa tayari imefunguliwa. Ndiyo kazi aliyoifanya yule fundi kabla sijampiga. Bila hivyo, betri iliyokufa ingekunywa kale kaumeme kadogo kote na sisi tungefia pale. Nikaunganisha kwa waya zangu zilezile, chanya kwa chanya, hasi kwenye ile kebo iliyofunguliwa, nikazibana kwa vidole. Lakini nikiwa nyuma ya kabini, nani angezungusha ufunguo?

"Ndugu yangu!" nikaita. "Zungusha ufungulo! Tafazali, zungusha!"

Jiwe la kwanza likatua kwenye bati. Nikaita tena, safari hii nikilia. Kupitia kidirisha cha nyuma niliona mkono wake ukiinuka, vidole vimepinda pande ambazo vidole havipindi. Alivitumia viwili vilivyobaki. Nikasikia tak, chini ya sakafu, halafu mlio mwembamba wa kile kioo cha vipimo kikiwaka.

Nikafunga waya kwa kipande cha shati, nikaruka ndani, tukaondoka bila sauti. Mawe yalitufuata mpaka kona. Mtu mmoja aliyeng'ang'ania mlango nilimpiga spana vidoleni mpaka akaachia.

Fundi alipelekwa hospitali ya Kasongo, akakaa majuma mengi. Jicho moja halikupona. Sikio moja halisikii. Vidole vya mkono wa kulia viliunga vibaya, na sijui kama fundi wa redio anaweza kuitwa fundi bila vidole hivyo. Betri ya pikipiki niliirudisha siku ya nne. Mwenyewe alinipiga makofi mawili mbele ya watu wake, nikasimama nikayapokea, kisha nikaondoka. Yule mama wa mikate ananiona nikipita Lusangi na kugeuza uso. Hajamwambia mtu. Afadhali angesema.

Kasongo walinifanya shujaa. Dereva aliyeingia katikati ya mawe kumwokoa mtu asiyemjua! Walinitaja baada ya sala ya Ijumaa. Niliinamisha kichwa, wakasema tazameni unyenyekevu wake.

Mara ya mwisho nilipokwenda hospitalini, mke wa fundi alikuwa amefika kutoka Nyangwe. Alipiga magoti mbele yangu, nikamwinua haraka. Ndugu zao walikuwa wamejaa chumbani, wanaume kwa wanawake. Fundi akanipa mkono wa kushoto, ule mzima.

"Ndugu yangu," akasema, "kuna neno moja ninataka kukuuliza. Mutu mwenye alinipiga teke mara ya kwanza, kwa nyuma, ule alipiga kelele ya mwizi. Wewe ulikuwa pale. Ulimuona uso?"

Chumba kizima kikanitazama. Nilikuwa na jibu mdomoni, nakuapia lilikuwepo, lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Hapana," nikasema. "Sikumuona."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaniachia mkono, akakunjua viganja vyote viwili, kile kizima na kile kilichoharibika, akaviinua juu ya blanketi. Wote chumbani wakainua vyao, nami nikainua vyangu.

"Mungu amuonyeshe ule mutu," akaomba. "Asimuachie. Amukamate kwa ile mudomo aliitumia, yeye na nyumba yake."

"Amina," wakaitikia wote.

"Amina," nikasema.